Jina Lililokatazwa kwa Fimbo

Hili kovu juu ya sikio langu la kushoto alinitia baba, kwa fimbo ya kuchungia, siku nilipotamka jina la babu yake. Nilikuwa mdogo, nachunga mbuzi, naliimba tu. Damu ikanijaa jicho. Mama akanipaka majivu, akasema, "Umejitakia."

Jina lenyewe siliandiki. Ni la nyumbani.

Kwetu Mvumi mtoto hurithi jina la mzee aliyetangulia. Ilipofika miaka ya ruksa, sabuni zikarudi madukani na kila mtu akawa mfanyabiashara. Hata mimi nilikwenda Nzuguni kuuza karanga, nikala hasara, lakini hayo tuyaache. Miaka hiyo binti yangu akazaa mtoto wa kiume, na zamu ilikuwa ya jina lile. Mtoto akawa hapati usingizi, hanyonyi, mbavu zinahesabika. Wanawake wakasema, huyu anamlilia mwenye jina, hatatulia mpaka aitwe. Baba, mzee wa kuongozwa mkono, akaketi mlangoni na fimbo yake.

"Mwiteni hata jina la mbwa," akasema. "La msaliti, hapana."

Msaliti kwa sababu hii. Wajerumani walipokuja mara ya kwanza na askari wao na wapagazi, watu wa kwetu waliwanyima maji. Babu yake baba akaonekana akitembea mbele ya mzungu, mikono haikufungwa kamba, kaniki mpya begani. Baada ya siku chache askari wakafika kijijini, wakachoma nyumba zetu za tembe. Paa la tembe ni udongo, haliwaki upesi, linafuka. Watu walikufa kwa moshi ndani pamoja na ng'ombe wao, na waliotoka walipigwa risasi mlangoni. Waliobaki wakasema, nani aliwaonyesha njia? Mke wa babu huyo akapigwa mchi kisimani hadi mkono ukavunjika. Baba mwenyewe, mjukuu tu, aling'olewa meno mawili kwa jiwe na watoto wenzake. Nasi tukazaliwa, tukapigwa na baba. Kipigo kile kilirithiwa kuliko jina.

Shangazi yangu ndiye aliyeniambia, "Ndugu watakuficha ukweli. Nenda kwa watani, wao hawana aibu nasi." Watani wetu sisi Wagogo ni Wanyamwezi, waliopita kwetu na misafara. Nikapanda treni hadi Gulwe, kwa mzee mmoja wa Kinyamwezi, Mwislamu, aliyekuwa akiuza mitumba karibu na reli. Nilisikia kwamba mtu wa Mvumi akipita pale hapati amani.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Mvumi."

Akanivua kofia kichwani, akaitundika kati ya mashati yake. "Wateja! Kofia ya Mgogo, bei poa, chawa bure!" Watu wakacheka. Mtani akichukua, huwezi kudai. Kisha akanikazia macho. "Nusura mmuue babu yangu kwa kiu, nyie. Mzee wenu yule! Hata kuongoza msafara hajui!"

Nikauliza, "Mzee yupi?"

Akalitaja jina. Nilikuwa sijalisikia mdomoni mwa mtu mzima miaka mingi.

"Alivikwa kaniki ili awapeleke kwenye visima vyenu," akasema. "Akawapeleka nyikani, kule kwenye maji makali. Babu yangu alibeba sanduku la mzungu. Walikunywa maji yale ya chumvi wakatapika damu. Punda wakaanguka. Mpagazi aliyetupa mzigo alipigwa risasi ya mgongo, mwenzake akauchukua. Na mzee wenu kasimama pembeni, anacheka! Mjinga gani huyo?"

"Wakamfanya nini?"

Hapo utani ukamtoka. Akanieleza polepole kwamba walimkata ndewe za masikio, zile ndefu za kutiwa mapambo, wakamlaza, wakamchapa kiboko mpaka nyama ikaachana na mfupa. Wakamtundika mtini akiwa bado anapumua. Fisi walimfikia miguu. Ndipo mzungu akawageuza askari wakachome kwao.

"Babu yangu alinusurika kwa kunyonya jasho la shati lake," akasema. Kisha akacheka tena. "Kwa hiyo una deni la maji. Kofia sirudishi."

Nikarudi Mvumi kichwa wazi. Baba alikuwa palepale mlangoni. Nikamsimulia yote, nimekaa mbali kidogo na fimbo.

"Nani kasema?"

"Mtani, baba. Alikuwa akitutukana."

Baba akasema, "Mtani hawezi kutusifu kwa makusudi." Kisha akauliza, "Basi tembe zilichomwa kwa ajili yake?"

"Ndiyo, baba. Kwa kuwa alikataa."

"Kwa hiyo walionipiga walikuwa na sababu. Ila siyo ile waliyoisema." Akapitisha ulimi kwenye pengo la meno yake. "Mleteni huyo mtoto."

Binti yangu akamleta. Baba akaomba maji, maji matamu ya kisimani, akayajaza mdomoni, akampulizia mtoto kifuani kumbariki. Mtoto akapiga kelele. Baba akalitamka jina, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi na mjukuu, nilisikia jina likitoka kinywani mwake, na mkono wangu ukainuka wenyewe kukinga kichwa.