Mablanketi ya Eveline

Eveline alikuwa na ugonjwa wa kucheka. Wengine wakibanwa hulia, wengine hununa. Yeye akibanwa, kicheko humpanda kutoka tumboni kama maziwa yanayochemka, na kifuniko hana. Alipokuwa msichana kule Ilembula aliwahi kutolewa nje katikati ya ibada ya Ijumaa Kuu. Mama yake alisema mtoto huyu hatapata kazi ya maana. Akapata ya ustawi wa jamii, kazi ya kuingia kwenye nyumba za watu siku zao mbaya kuliko zote, na ajabu ni kwamba walimpenda kwa kicheko hichohicho.

Shirika la Kiota lilimwajiri katika ofisi yake ya Makambako, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, miaka ile ambayo kila kijiji kilikuwa na makaburi mabichi na mabibi walilea wajukuu peke yao. Siku hizo hata yeye hakucheka sana. Watoto walilala wamebanana chini ya shuka moja, na baridi ya huku mwezi wa Juni haina utani. Shirika likaanza kugawa mablanketi mazito ya kijivu, yenye mstari mwekundu. Eveline aliyapandisha mwenyewe mpaka vijiji vya Lupembe, amekaa juu ya mzigo kwenye lori la kukusanyia majani ya chai. Bibi Dorika, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Shadrack, alilipokea la kwanza kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Hili ndilo tulilokuwa tunalikosa." Eveline alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Basi akaendelea kuyaleta. Ikifika Juni, Eveline huyo na mablanketi yake. Na kila mara mabibi walipiga goti na kusema hili ndilo tulilokuwa tunalikosa. Yatima wakamaliza shule, wakaota ndevu, wakajenga nyumba za tofali za kuchoma. Mablanketi yakaendelea kupanda mlima.

Ndipo akaja Mzee Valeriani, mwenyekiti mpya wa bodi. Alikuwa mzaliwa wa Lugarawa aliyezeekea Dar es Salaam, mtu mkavu, asiyetabasamu hata akipigwa picha.

"Mama Eveline," alisema, amejikunja ndani ya makoti mawili, "yatima wenu wamekuwa watu wazima. Kwa nini ofisi ya Makambako isifungwe?"

Eveline alihisi kicheko kinaanza kupanda, akakibana. Hakuwa na mume wala shamba la maana. Maisha yake yote yalikuwa kwenye kile chumba nyuma ya duka la mbegu. Akajibu haraka, bila kufikiri, "Mzee, huko juu bado wanatetemeka kwa baridi. Twende ukaone kwa macho yako."

Jumamosi ile Shadrack alikuwa anamwoa Jasmine, mchuma chai mwenzake. Eveline akaona Mungu amempa siku. Mwenyekiti angeona matunda na shida mahali pamoja, na ofisi ingepona.

Harusi ilikuwa imechangamka mno. Turubai lilifungwa kwenye uwanja wa usharika, soda zikagawiwa mbele na pombe ya ulanzi ikanywewa nyuma ya jengo, na kinanda kikalia mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mzee Valeriani aliwekwa meza kuu, Eveline ubavuni kwake. Ukafika wakati wa zawadi, na mshereheshaji akawaita mabibi.

Wakaja wakicheza. Wa kwanza Bibi Hilda, kiuno hakijui umri, mzigo kichwani umefungwa kwenye nailoni. Ndani ya nailoni ulionekana mstari mwekundu. Blanketi la Kiota, jipya, halijafunguliwa. Umati ukapiga vigelegele. Wa pili akaja na blanketi. Wa tatu, blanketi. Aliyefuata aliinua sufuria kubwa ya kung'aa, na Eveline akashusha pumzi. Sufuria ilipofunuliwa, ndani kulikuwa na blanketi. Nyuma yao msururu ulikuwa umejaa mistari myekundu mpaka kwenye geti.

Mzee Valeriani akamwinamia polepole. "Mama Eveline. Uliniambia hawa wanatetemeka."

"Walikuwa wanatetemeka, Mzee."

"Lini?"

"Shadrack alipokuwa darasa la kwanza."

Hapo ndipo kicheko kilipompasuka. Alicheka mpaka kiti cha plastiki kikamtoroka, akakaa chini kwenye nyasi mbele ya mgeni rasmi, machozi yanamtoka, ofisi inakufa na yeye anacheka. Kinanda kikanyamaza. Bibi Dorika akamfikia, blanketi lake kifuani.

"Bibi," Eveline alisema akihema, "kwa nini hamkuniambia?"

"Tukwambieje, mwanangu? Umetoka Makambako na vumbi lote lile, umebeba mzigo, umefika unacheka. Tuseme hatutaki? Sisi watu wa adabu. Mimi chumba kizima kimejaa, nalala kwenye benchi."

"Sasa mnachokosa ni nini?"

Bibi Dorika alitazama pembeni, maana kuulizwa hivyo lilikuwa jambo geni. "Tuliowalea wamezaa," alisema. "Asubuhi wanakwenda kuchuma chai, wanatuachia vitukuu. Kwa magoti haya nitamkimbiza nani? Juzi changu, cha Shadrack huyuhuyu, nimekifunga kwa kanga kwenye mguu wa meza, ndiyo nipate kuteka maji. Nimerudi, kimeivuta meza mpaka mlangoni. Na uji kinakunywa asubuhi tu, mpaka mama yake arudi jioni. Hakinenepi, mwanangu. Hilo linaniuma."

Eveline aliacha kucheka. Mtu wa kuendelea akawa mwingine.

Sauti ilitoka meza kuu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Mzee Valeriani alikuwa anacheka. "Mama yangu kule Lugarawa," alisema, akijifuta macho, "kila Krismasi nilimletea redio. Anashukuru, anapiga goti. Siku ya msiba wake tulizikuta zote juu ya kabati. Nyumba nzima haina betri hata moja." Akacheka tena, na sasa hakuna aliyejua kama ni kicheko au ni kilio. "Blanketi nisilisikie tena, Mama Eveline. Ofisi yako ibaki. Niambie hao vitukuu tunawafanyaje."

Kabla ya mvua kuanza, ukumbi wa usharika uligeuka kituo cha watoto. Akina mama hupita alfajiri na vikapu vya chai mgongoni, wanaacha vitoto vyao; mabibi hulinda kwa zamu, na uji hupikwa asubuhi, mchana na kabla ya kwenda nyumbani. Chini, ukuta kwa ukuta, pametandikwa mistari myekundu.

Siku ya kwanza ilipoisha, Eveline alikuwa amekojolewa, ameng'atwa, na furaha imemjaa mpaka masikioni. Akiaga, Bibi Dorika akamzuia mlangoni. Mgeni haondoki mikono mitupu. Akamkabidhi mzigo wa nailoni, mzito, wa kijivu.

Eveline aliufikiria mgongo wake, na safari ndefu ya lori mpaka Makambako. Akafikiria kabati lake dogo. Kisha akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Ahsante, Bibi. Hili ndilo nililokuwa nalikosa."

"Ndivyo tulivyokuwa tunasema," alijibu Bibi Dorika, na safari hii yeye ndiye aliyeanza kucheka.