Chumvi ya Josho

Nilipokuwa binti wa miaka kumi na saba hivi, nimeshachumbiwa, moyo wangu wote ulikuwa kwa mtamba mmoja mwekundu. Nasema kweli, mchumba alikuwa wa pili. Bibi mzaa baba alinipa mtamba huyo kabla hajafa, ili niende naye kwa mume wangu, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu mbugani, upande wa Nyakatuntu, binti aliyeolewa akiwa na ng'ombe wake mwenyewe haendi kila asubuhi kumwomba mama mkwe maziwa. Mama mkwe wangu mtarajiwa nilimpenda, lakini si kiasi hicho.

Josho lilikuja kwetu mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Bwana mifugo alikuwa akitoka Bugene na baiskeli yake, nusu ya safari anaipanda, nusu anaisukuma. Aliwasimamia baba zetu mpaka mtaro mrefu wa saruji ukakamilika, ukajazwa maji ya dawa. Ng'ombe alirukia upande huu, akaogelea na macho yamemtoka, akatokea upande wa pili amekasirika, na kupe wakafa. Wazee walinung'unika, ila ndama walipoacha kufa walinyamaza.

Baada ya mwaka mmoja, chini ya josho kulijaa tope la mavi, manyoya na dawa iliyotuama. Bwana mifugo akasema lizolewe lote, lichimbiwe shimo refu mbali na maji, lifukiwe vizuri, kwa sababu dawa ile ni sumu. Akarudia mara mbili. Kisha akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Sumu waliielewa. Kilichowashinda ni kuchimba. Kwa watu wetu wa siku zile jembe lilikuwa la wenye migomba. Ndizi zao tulizila kwa raha, tukiwapa siagi, lakini mwanamume wa ng'ombe kuonekana ameinama na jembe ilikuwa aibu ya kusimuliwa mpaka ng'ambo ya mto. Baba yangu, ambaye alikuwa msemaji wa wenye ng'ombe wote ingawa sijui nani alimchagua, alisema ardhi imemeza mavi ya ng'ombe tangu kuumbwa kwake, na hili nalo italimeza. Basi wakazoa tope kwa ndoo wakalimwaga mteremkoni. Kufikia adhuhuri walikuwa wameshamaliza na wameketi wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Rubisi hiyo niliwapelekea mimi, na niliona wametumia akili sana.

Mvua ikanyesha, ikalisomba tope mpaka bondeni karibu na maji ya kunyweshea. Kiangazi kilipokolea, bonde likaota ukoko mweupe juu ya udongo, na ng'ombe wakaanza kuulamba kwa pupa. Nyinyi mnaonunua chumvi dukani hamwezi kujua furaha yetu. Wanaume walitembea siku kadhaa kutafuta udongo wa chumvi kwa ajili ya ng'ombe, na huu umetufuata wenyewe nyumbani.

Baba alisifika kwa ulimi wake. Alionja udongo wowote akakuambia unawafaa wanaokamuliwa au madume. Akachovya kidole katika ule ukoko, akalamba, akafumba macho kama mtu anayesali. Akatoa hukumu kwamba ni chumvi nzuri, kali kidogo mwishoni. Akaniambia nimlete mtamba wangu haraka kabla ng'ombe wa watu hawajaimaliza. Nilimleta mwenyewe, nikimwimbia njia nzima, nikasimama pembeni nikimhesabia ndama wake siku.

Jioni baba akaanza kutapika. Mama aliilaumu rubisi, kisha akamlaumu jirani aliyeipika. Asubuhi mtamba wangu alishindwa kusimama. Alikuwa akiharisha, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Baba akatoka ndani ameshika tumbo, akamtazama, akatazama bondeni, kisha akapandisha macho taratibu kuelekea josho. Akakaa chini pale pale mavumbini. Kabla ya adhuhuri mtamba alikufa na ndama tumboni mwake. Nililia kilio cha msiba kamili, wala sikujali nani ananicheka.

Baba akatuma watu mbio kuzuia ng'ombe wote wasishuke bondeni, maana hata walioulamba ukoko kidogo tu walikuwa wakiharisha. Wengine wakaja kwetu na visu na vikapu, maana ng'ombe akifa nyama huliwa. Baba alisimama mbele ya mzoga na fimbo yake akawafukuza mmoja mmoja. Aliposema anataka kumzika, walidhani homa imempanda kichwani. Hakuna aliyekubali kumchimbia ng'ombe kaburi.

Ndipo akaenda kwa jirani yetu mwenye migomba, mtu wa siagi na ndizi, akamwomba jembe. Jirani alidhani anataniwa. Alipoona baba hacheki, akachukua majembe mawili akaja naye. Baba alilishika jembe kama mwanamume aliyepewa mtoto mchanga ampakate. Jirani alicheka mpaka akashika mti, kisha akamwonyesha mkono gani ukae wapi. Walichimba siku mbili. Wanaume waliokuja kutazama kioja walianza kuona haya kusimama tu, wakachimba nao. Mtamba akafukiwa pamoja na ukoko wote waliokwangua bondeni na tope lililobaki mteremkoni, na bonde likazungushiwa miiba. Msimu mzima sisi wanawake tulichota maji chemchemi ya mbali, na mgongo wangu unakumbuka kila mtungi.

Mimi sikumsamehe baba. Kwa miezi mitatu nilimpita uani bila salamu, jambo ambalo kwetu binti hafanyi, naye hakunikemea hata mara moja.

Wakwe walipokuja na pombe yao kupanga siku ya harusi, wakauliza kwa adabu habari za ng'ombe wa binti, kwa kuwa walikuwa wameahidiwa. Nilikuwa nyuma ya kiambaza cha matete, nikisubiri baba aseme ugonjwa. Magonjwa ya ng'ombe yalikuwa mengi, angechagua lolote. Nikasikia anasimama.

"Ng'ombe wa binti yangu nimemuua mimi," alisema. "Niliambiwa nichimbe shimo, nikaona aibu kushika jembe."

Bibi harusi hatakiwi kuonekana siku hiyo, lakini nilitoka. Nikapiga magoti mbele ya baba, wakwe wote wakitazama.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Akainama akaniinua, ndipo akaitikia.