Usiseme Bukra kwa Huruma

Siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile Mzee Drani alipofunga karakana mchana kweupe, wateja wakiwa bado mlangoni, akaniambia twende mtaa wa New Site kumpelekea mwanamke mmoja habari mbaya. Nitakueleza polepole. Wewe unataka kufungua biashara yako ya mashine, na mambo ya pistoni na nozeli utafundishwa na wengine. Haya yangu ni ya mdomo na sikio.

Wakati huo nilikuwa nimevuka miaka thelathini. Nilikulia Koboko, upande wa Uganda, katika miaka yetu ya ukimbizi, na nchi ilipopata uhuru nikarudi Juba kama wengi wetu, na godoro, sufuria na matumaini makubwa. Mzee Drani alikuwa Mganda wa Arua, mtu mfupi, asiyependa kupaza sauti. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Hai Mauna, banda la bati lililonuka dizeli tangu asubuhi. Tulitengeneza jenereta, pampu za maji na mashine za kusaga. Umeme ulikuwa wa kutafuta, kwa hiyo mji mzima uliishi kwa injini ndogo, na injini ikizima, mwenyewe alikuja kwetu na uso wa mtu aliyeuguliwa. Mimi nilipokea wateja. Fundi alikuwa Taban, mwenye mikono mizuri na moyo laini kupita kiasi.

Kwanza ujue tabia ya wateja wetu, maana mpaka leo haijabadilika. Mteja hasemi mashine imefanya nini. Anaagiza dawa. "Nibadilishie plagi." "Nitilie ringi mpya." Jirani yake alibadilisha plagi ikapona, basi naye anataka plagi. Ukimuuliza zaidi, anaona unamdharau.

Ndivyo alivyokuja Mama Keji. Alikuwa mjane wa Kibari mwenye mwili na heshima yake, na mashine yake ya kusaga pale New Site ndiyo iliyolisha wajukuu wanne aliokuwa akiwalea. Injini ilishushwa kutoka kwenye gari, naye akasimama kando yake kama mama wa mgonjwa.

"Badilisha nozeli, khalas," akasema. Kwake neno hilo lilimaanisha mazungumzo yamekwisha.

"Nozeli tutaona, mama," Mzee Drani akamjibu. "Kwanza niambie, mbele ya kuzima ilikuwa nalia namna gani? Fanya na mdomo."

"Na mdomo? Mimi bibi mzima, nilie kama mashine?"

"Lia tu. Hapa hakuna mtu atacheka."

Sisi wa nyuma tulikuwa tumeshaanza kucheka. Mama Keji akatutazama mmoja mmoja, akavuta kitambaa cha begani, akavimbisha mashavu. "Tuk-tuk-tuk-tuk," akaanza, vizuri kabisa. Kisha akashusha sauti kifuani: "Ko! Ko! Ko! Huko chini, kama mtu anabisha mlango."

Mzee Drani hakucheka. Alikuwa amefumba macho. "Hiyo ko, inakuja na mahindi ndani, ao hata bila mahindi?"

"Nikimwaga mahindi, inazidi."

"Na oili?"

Hapo mama akakunja uso. "Unataka kusema mimi sijui kutunza mashine?"

"Hapana, mama. Mimi natafuta ugonjwa. Sitafuti mwenye makosa."

Neno hilo lilimfungua. Akaeleza kwamba oili ilikuwa ikivuja tangu zamani, na kwamba alikuwa akiijazia ile nyeusi ambayo dereva mmoja wa lori aliimwaga. Taban akafungua injini, na nozeli, ile inayopulizia dizeli ndani ya injini, ikaonekana nzima. Kilichokufa ni krenki. Krenki, mwanangu, ni kile chuma kinachopokea kupanda na kushuka kwa pistoni na kugeuza mwendo huo kuwa mzunguko. Bila oili safi huchubuka, hulegea, kisha hugonga. Kama tungempa alichoagiza, angerudi nyumbani na nozeli mpya na injini inayoelekea kufa, na sote tungeitana wezi. Tukaagiza krenki Kampala.

Halafu vita vikaja. Nchi ilikuwa bado changa, nyimbo za uhuru hazijatutoka mdomoni, tukasikia bunduki ndani ya mji wetu wenyewe. Mengi ya siku zile sitakusimulia. Tulijifungia, tukahesabiana kwa simu kila mtandao uliporudi, na mji uliponyamaza kidogo watu wakaanza kuondoka. Barabara ya Nimule, ya kwenda mpakani, ilijaa magari yaliyobeba vitanda, mbuzi na watoto. Sisi tulifungua karakana kwa sababu wateja walitaka mitambo yao waondoke nayo. Kwa mtu anayekimbia, mashine ya kusaga ni mkate wa huko aendako.

Mama Keji akaja asubuhi moja akiwa amesimamisha bodaboda nje. Mimi sikuwapo ndani. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, mahali simu iliposhika mtandao, nikizungumza na muuza spea wa Kampala. Mzee Drani alikuwa kando yangu akisikiliza. Muuzaji alisema krenki iko ndani ya lori, na lori limezuiwa mpakani pamoja na mengine yanayoingia kwetu, na hajui litaruhusiwa lini. Tulipokuwa tukivuka kurudi, tukamwona Mama Keji anapanda bodaboda. Alitupungia mkono, uso umenawiri, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile.

Ndani, Taban akatueleza. Shemeji yake Mama Keji alikuwa na lori. Lilikuwa linaondoka alfajiri ya kesho kwenda Adjumani, upande wa Uganda, na yeye na wajukuu walikuwa wamewekewa nafasi. Alikuja kuuliza jambo moja tu: mashine itakuwa tayari lini? Kama ni karibu, angeacha lori liende, abaki na watoto, afuate baadaye na mashine yake. Kama si karibu, angeondoka.

"Ukamwambia nini?" Mzee Drani akauliza.

"Nikamwambia bukra."

Bukra ni kesho, mwanangu, kwa Kiarabu chetu cha Juba. Lakini unajua jinsi tunavyoitumia. Fundi akiulizwa lini, husema bukra. Mwenye spea husema bukra. Tunaona ni adabu, maana kumwambia mtu mzima "hapana" machoni pake ni kama kumfungia mlango. Mteja naye huipokea akijua kwamba ni adabu, na hurudi keshokutwa bila kinyongo. Wakati wa amani, neno hilo lilitupitisha siku. Wakati ule, Mama Keji aliliamini jinsi lilivyo.

"Mzee, yule mama alikuwa karibu kulia," Taban akajitetea. "Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hujui."

"Atasema hatujui kazi."

"Aseme! Lori iko naenda na asubuhi, na watoto wanne iko naenda kubaki New Site juu ya neno yako." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ndiyo maana ilituingia. "Mtu akikuuliza lini, hakuulizi wewe ni mpole namna gani. Yeye anapanga maisha yake. Sasa pakia injini. Yote, na hiyo krenki mbovu."

Akaita raksha, ile pikipiki ya magurudumu matatu. Taban na dereva wakabeba injini, jasho likiwatoka. Wateja wakalalamika mlangoni. Mzee akawaomba radhi, akaweka kufuli. Mimi alinichukua kwa sababu siku zile mlango ukibishwa na mwanamume, watu walijificha chini ya kitanda. Sauti ya mwanamke ingefunguliwa.

Njiani tulisimamishwa na askari, tukaulizwa injini ni ya nani, tukajibu, tukaendelea. New Site ilikuwa kimya. Vioski vimefungwa, mbwa wengi, watu wachache. Nikabisha, nikajitaja jina. Mama Keji akafungua, akaona raksha, akapiga kigelegele kifupi akidhani mashine imepona.

Mwanangu, hapo ndipo nilipojua kwa nini watu husema bukra.

Mzee Drani hakuharakisha, wala hakukawiza. Alisalimia, akakaa, akapokea maji, akanywa, kwa maana mtu humwambii habari nzito ukiwa umesimama kwake. Alipoweka kikombe chini akasema, "Mama, mashine haijapona. Bukra haitapona. Krenki iko mpakani, na lori hawavuki kuja huku. Siku ya kuvuka, mimi sijui. Usikae hapa kusubiri sisi. Panda lori na watoto."

"Asubuhi mmeniambia bukra!"

"Ni kweli."

"Nyinyi Waganda! Mtu anawaletea mali yake, mnampa maneno matamu kama anayebembeleza mtoto! Na yule Taban wenu, ningemshika hapa ningempiga na mwiko!"

"Neno lilitoka ndani ya karakana yangu, mama. Nitukane mimi."

Akamtukana. Alimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, na mengine kwa Kibari ambayo mzee hakuyaelewa, na mzee akayapokea yote huku mikono iko magotini. Wajukuu walikuwa wamebanana mlangoni. Alipochoka, mama akakaa chini na kuuliza kwa sauti ndogo, "Sasa huko Adjumani nitakula nini?"

"Ndiyo sababu nimeileta. Fundi wapo Adjumani, na krenki inafika kule mbele ya kufika Juba. Lakini sikiliza, nataka useme mbele yangu namna utamwambia."

Akamfundisha hapo hapo, akimshikisha chuma kile kilichochubuka ili vidole vyake vikijue. Silinda ni nzima. Nozeli ni nzima. Kinachotakiwa ni krenki ya saizi hii, na beringi zake. Mama Keji akarudia. Akakosea, mzee akasema, "Tena." Akarudia vizuri. Kisha akainua macho. "Na ile oili ya lori, niseme?"

"Hiyo sema kwanza."

Akacheka, nasi tukacheka, wajukuu pia, ingawa hawakujua kwa nini. Halafu akajifunga kitambaa kiunoni, akatoka mbio kumtafuta shemeji kabla hajawapa watu wengine nafasi zake.

Waliondoka alfajiri, na injini yao. Mimi nilipita New Site baada ya majuma kadhaa. Mstari ule wa nyumba ulikuwa umepitiwa na vita. Bati la Mama Keji lilikuwa limeng'olewa, mlango hauko, na ukuta wa chumba walimolala watoto ulikuwa na matundu ya risasi. Nilipomwambia Taban, alivua glavu, akaketi juu ya jenereta ya mtu, akalia. Mzee Drani hakumfukuza wala hakumkumbusha tena. Alimpa yeye kazi ya kuwajibu wateja waliouliza lini.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Ukiwa mwenye karakana, mteja akikuuliza mwambie unachokijua, na usichokijua kitaje kuwa hukijui, na umwambie ni lini utamletea habari nyingine, hata kama habari hiyo ni kwamba hakuna jipya. Habari ikigeuka, usingoje arudi. Mfuate, au umpigie, ukatukanwe mapema. Usimuulize aliyeharibu ni nani, kwa sababu atakuficha kile kile unachokihitaji. Na kabla hajaondoka, hakikisha anaweza kueleza ugonjwa wa mashine yake mwenyewe, hata kama ataipeleka kwa fundi mwingine.

Ukiwa mteja, usiagize dawa. Sema ulichokiona na ulichokisikia, na lile la aibu lisije mwisho. Mweleze fundi kinachotegemea mashine hiyo, ajue uzito wa jibu lake. Na akikupa jibu chungu, kasirika ukitaka, kisha mshukuru.

Mungu aifungue kazi ya mikono yako. Akupe ulimi usioogopa neno "sijui," na miguu myepesi ya kupeleka habari nzito. Na wote watakaopanga safari zao kwa kulitegemea neno lako, awafikishe salama na watoto wao.