Kundi la Magari Madogo Linangoja Gari la Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Katuba. Kifuniko cha birika kinatetemeka juu ya mbabula, jiko la makaa, ti-ti-ti, na makaa yanatoa mwanga mdogo tu gizani. Sumaili, fundi wa magari, anakaa kando yake akifuta spana kwa kitambaa. Chai si haja yake. Anamngojea shemeji yake Amida atoke ndani.

Uani, chini ya turubai, limelala gari dogo aina ya Volkswagen. Ni la marehemu Kasimu, mdogo wake Sumaili na mume wa Amida. Betri mpya iko chini, pembeni ya gurudumu. Sumaili hajafungua hata mlango. Tangu mazishi, gari hilo ni la mjane, na ufunguo unakaa kwake.

Kasimu alifariki mwaka jana katika mashindano ya barabara ya vumbi nje ya mji. Gari lake lilikuwa halina betri, akaazima dogo la rafiki. Magari yote yaliondoka pamoja, makubwa kwa madogo. Makubwa yakatangulia, vumbi likafunga njia, naye hakuiona kona.

"Hakuna mwenye kumugonga," anajisemea Sumaili. "Vumbi tu."

Miezi mingi baadaye aliyakumbuka maneno ya Mwamerika mmoja aliyemsaidia kufunga mashine mjini Kipushi, mtu aliyependa mbio kuliko chakula.

"Alinieleza: kule kwabo, zamani, banapanga gari kwa ukubwa wa injini, kila kundi na herufi yake pa mulango. Kisha bakaona injini ndogo ingine inashinda kubwa, bakaanza kupanga kwa mbio yenyewe. Sasa kuko mashindano ingine yenye makundi mbili: ya juu ya litre mbili na nusu, na ya chini. Banakimbia pamoja, lakini kila kundi na mushindi wake."

Anatikisa kichwa. "Pamoja, kwa lami, sawa. Siye tuko na vumbi. Ya kwetu itoke mbali-mbali."

Mkuu wa klabu ya mbio, citoyen Kabwe, amekubali magari madogo yaondoke peke yao, kwa sharti moja: magari madogo matatu yaonyeshwe leo kabla ya adhuhuri. Yakipungua, Jumapili wote wataondoka pamoja kama mwaka jana. Sumaili analo moja. Mutale, dereva mwenzake wa Kipushi, analo moja.

Mlango unalia. Amida anatoka, kitenge mabegani.

"Shemeji, siku hizi unalala na spana?"

"Spana haikoromi, shemeji."

Amida anacheka kidogo, anammiminia chai, kisha anatazama turubai. Kicheko kinakwisha.

"Hiyo kundi yako itamurudisha Kasimu?"

"Hapana."

"Basi?"

"Mutale iko na mutoto wa miezi mbili. Jumapili atakimbiza tu, hata bamuweke nyuma ya lori. Sitaki muke yake akuje kukaa na weye pa mukeka ya kilio."

Amida anatazama tena turubai. Birika linaendelea kutetemeka, hakuna anayeliepua.

"Nani atashika usukani?"

"Mimi. Yangu nitamupa Bahati wa gereji. Nitaenda pole-pole."

"Muntu wa mbio anasema pole-pole!" Amida anageuza uso, anapangusa macho kwa mkono. Halafu anafungua fundo kwenye pindo la kitenge, polepole, kwa kuwa limekazwa muda mrefu. "Kamata. Lakini siyo kwa kushinda, Sumaili. Kwa kurudi."

Sumaili anaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

Kazi ya betri haichukui muda. Sumaili anasema mwakani anataka hata pikipiki zipate kundi lake, na bendera yake ya kuondokea. "Kila muntu na wenzake," anasema, kichwa kikiwa ndani ya gari.

Anawasha. Injini inakohoa, inakata. Mara ya pili inakohoa tena. Mara ya tatu inashika, na bati la jikoni linatetemeka nayo. Amida amesimama palepale, kiganja juu ya turubai lililokunjwa.

Mawazo, binti wa Kasimu na Amida, wa miaka mitano, anajitokeza mlangoni bila viatu.

"Gari ya baba imewaka," anasema.