Nyama ya Daktari

Jamani, msinicheke sana, maana siku hiyo pale Nachingwea nilitamani sakafu ya hospitali ifunguke inimeze. Nilimpeleka bibi yangu kutoka Narung'ombe, goti limevimba, na kwa kuwa yeye Kiswahili chake ni cha sokoni tu nilijitia mkalimani (darasa la saba, lakini nilikuwa na ndoto za kutangaza redioni!), basi alipopigwa eksirei daktari akaiinua picha dirishani akasema, "Kuna kivuli kwenye mfupa. Picha peke yake haitoshi. Kesho tunataka na nyama, tulinganishe."

Nyama? Niliona aibu kuuliza. Nikamweleza Bibi kwa Kimwera kwamba daktari anataka nyama.

"Si aseme tu ana njaa, mume wangu!" akacheka.

Asubuhi nikaingia na hotipoti imefunikwa kanga, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, harufu inanitangulia.

"Daktari, nyama hii hapa."

"Nyama gani?"

"Ya mbuzi. Paja."

Nesi mmoja aliegemea ukuta kwa kicheko. Daktari akafuta miwani. "Kijana, natafuta ugonjwa wa bibi yako, siyo wa mbuzi. Nataka kipande kidogo cha nyama ya goti lake, kikapimwe."

Benchi zima likaangua kicheko, ila nilipomtafsiria Bibi, safari hii sawasawa, yeye hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga. "Hamnikati! Twende nyumbani."

Hapo utani ukaniisha. Daktari akasema taratibu, "Mwambie picha imetuonyesha kivuli kilipo, nyama ndiyo itatuambia ni kitu gani. Kama ni kibaya, tukiwahi tutamsaidia."

Nikamwambia. Akanitazama. "Ungekuwa wewe, mume wangu?"

"Ningeogopa," nikasema, machozi yananilenga, "lakini ningekubali."

Akakaa. Akakatwa. Kinyama kikapelekwa Dar, tukasubiri wiki nyingi roho juu, majibu yakarudi: siyo saratani. Bibi alipiga vigelegele mpaka nesi akamwomba apunguze.

Mimi nimekoma. Neno la daktari nisilolielewa naliuliza hapo hapo, hata foleni ininunie. Ila manesi wa pale wamekwishanibatiza jina, wananiita Bucha, nami naitika.