Mtaro wa Halima

Siku yangu ya kwanza kazini, Lushoto mjini, Afisa Ardhi alinipa kalamu ya wino na karatasi angavu, ile inayopitisha mwanga, akaniambia, "Hapa tunachora kilichopimwa. Kisicho na bikoni hakipo." Bikoni ni vile vigingi vya zege vya mipaka ya kiwanja. Nikashika hivyo hivyo. Nilihamishiwa Muheza, nikarudishwa, na kila ramani iliyotundikwa pale ofisini ilikuwa ya mkono wangu. Kontua zangu, mistari inayoonyesha miinuko ya mlima, hazikutetemeka. Nilijua, na watu walijua.

Kisha likaja soko huria, wafadhili wakaleta kompyuta, na kompyuta ikaja na Halima, binti aliyetoka chuoni Dar es Salaam. Shikamoo alitoa vizuri, siwezi kumsingizia. Kazi ilikuwa kuamua mtaro wa maji ya mvua upite wapi, maana ungejengwa mmoja tu. Mimi nilishauchora upite barabara ya maduka.

Halima alizunguka mabondeni, akaingiza kila kibanda kwenye mashine yake, chenye bikoni na kisicho nayo. Halafu akamwita Mhandisi wa Wilaya, akabonyeza, mji wetu ukasimama kwenye kioo, milima na mapaa. Akaunyeshea mvua. Maji yakaacha maduka, yakashuka nyuma ya soko, yakameza makazi holela ya vibarua.

"Mzee, kwenye ramani yako hapa pana nini?" Mhandisi akaniuliza.

"Nyasi," nikajibu.

Mtaro ukapelekwa kule, na watu wakauita Mtaro wa Halima. Nilimwonea wivu. Mvua za kwanza nilikwenda kusimama ukingoni na mwavuli, nikiomba ufurike. Haukufurika.

Sasa nimestaafu. Masika nashinda kwa dada yangu, Mama Tumaini, ambaye miaka yote amekaa kule kule nyuma ya soko. Zamani mvua ikianza nilikwenda kumsaidia kupandisha magodoro juu ya meza. Siku hizi tunakunywa chai. Ukutani ametundika picha ya mji aliyopewa na Halima.

"Kaka, ona, hata choo changu kakichora," huniambia kila nikija.

Nyumba ni kavu, chai ni tamu, na ukuta wa dada yangu haujawahi kubeba ramani yangu hata moja.