Mama Hakuna na Maswali Elfu Nne kwa Sekunde

Saa moja na nusu asubuhi, na chumba cha seva kina baridi ya kung'ata masikio. Mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili anachuchumaa mbele ya kabati la chuma, anapangusa vumbi, kisha anaisalimia mashine.

"Umeamkaje?"

Taa ya kijani inapepesa. "Haya, amejibu," anasema, anainuka akishika kiuno.

Kazini jina lake la cheti lilishasahaulika. Kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, wote humwita Mama Hakuna, kwa sababu mashine zake mbili kuukuu zinajua jibu moja tu: hakuna.

Ukimuuliza kazi yake, anaieleza kama anayemsengenya jirani. "Kila nyumba ina chumba cha tatu, si ndiyo? Uliza ukiwa ndani nani analala humo, utajibiwa. Sasa mtu anatoka hadi barabara kuu, anamshika mpita njia: samahani, nani analala chumba cha tatu? Atajibiwa na nani?"

Kompyuta za ofisi ndivyo zilivyo. Zina anwani za ndani, zinazofanana ofisi hadi ofisi, na wenyeji wake wanajulikana humo humo. Zisipopangwa vizuri, hutoka kuulizia mtandaoni. Maswali hayo yaliyopotea njia, kama elfu nne kila sekunde, huja kwa Mama Hakuna. Mashine zake huyajibu upesi, muulizaji akaendelea na shughuli zake, na seva zinazotunza majina ya dunia nzima zikaepukana na kero.

Mshahara wake ni wa kuunganisha nyaya za wateja. Hizi mbili anazitunza kwa kujitolea, mwaka wa saba sasa, kama wanavyofanya wenzake wachache huko mbali. Nyumbani, kwenye dada wawili na watoto sita, hawamwachi apumue.

"Yaani mwanangu umesoma miaka yote ile uje useme hakuna?" mama yake humtania.

"Mama, na wewe si ndivyo ulivyotulea? Kila tukiomba, hakuna."

"Na mkanyamaza mkalala. Basi ni kazi nzuri."

Mwezi uliopita utani uliingia doa. Meneja aliitaka nafasi ile ya kabati kwa mteja mpya. Siku Mama Hakuna alipoomba ruhusa ampeleke mama yake hospitali, fundi mwenzake akazichomoa mashine zote mbili. Alichosahau ni ruta, mashine ya kuelekeza njia za mtandao, ambayo iliendelea kuutangazia mtandao kwamba maswali yaje hapa hapa.

"Kafunga duka, kibao kakiacha barabarani kinaelekeza watu," anasema. Kama tangazo nalo lingezimwa, maswali yangekwenda kwa wale wenzake wa mbali. Badala yake yalikuja, yakabisha hodi, yakangoja.

Yeye alikuwa kwenye benchi la hospitali, foleni imefika mlangoni. Karani wa mapokezi akawaambia wagonjwa, "Vumilieni wapendwa, kompyuta leo inawaza sana." Kila jina lilichukua nusu dakika zaidi. Mama Hakuna akachungulia skrini, akaona inangoja jibu lisilokuja, akatoa simu.

"Fundi, umechomoa nini?"

"Zile zako za hakuna. Kwani zinafanya nini?"

"Rudisha waya, kaka. Tutagombana baadaye."

Dakika tatu baadaye foleni ilianza kutembea. Mama yake akamtazama kwa jicho la pembeni. "Kumbe bila hakuna yako tungelala hapa."

Meneja hakuomba radhi, ila alilegeza. Mashine zitabaki hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo, kama hakuna mtu wa pili anayeijua kazi hii, zitazimwa kwa utaratibu.

Mtu wa pili keshapatikana: ni yule yule fundi. Kila asubuhi Mama Hakuna anamsomesha, na kwenye mlango wa kabati fundi mwenyewe amebandika karatasi: "Ondoa tangazo kwanza, waya baadaye."

"Aliyeungua ndiye anayejua moto," Mama Hakuna anasema, na fundi anajifanya hasikii.

Jumamosi hii wawili hao wanakwenda hospitalini kupanga kompyuta za mapokezi zijibiwe humo humo ndani. Baada ya hapo watabisha hodi ofisi moja baada ya nyingine, hadi maswali ya barabarani yaishe.

"Nataka siku moja meneja aniulize yamekuja maswali mangapi leo," anasema, akifunga kabati, "nimjibu kwa jina langu."